Kizibao cha Mbwa wa Kanga: Jeraha Lake Liko Wapi?

Barua tano za safu hii zimetoka mikoa ya Lindi na Mtwara, na zote, bila waandishi wake kujuana, zinauliza jambo moja: mbwa anayeingia vichakani kufuata kanga na kwale avalishwe nini ili asirudi nyumbani amechanika. Mimi niliyekabidhiwa kuzijibu nimefanya kazi ya tiba ya mifugo huko kusini kwa miaka mingi, na vidari vya mbwa nilivyovishona ni vingi kuliko vizibao nilivyowahi kuvishauri. Barua ya kwanza ndiyo ndefu, na jibu lake pia ni refu, kwa sababu maswali mengine yote yanaegemea hapo.

*Ndugu Mjibu, mimi ni mwalimu mstaafu ninayeishi Nachingwea. Nina mbwa dume, chotara wa mbwa wa kienyeji na pointa, niliyeachiwa na marehemu mjomba wangu. Leseni ya kuwinda ndege ninayo, na nimeandikiwa ruhusa ya kwenda na mbwa kwa kazi ya kuokota ndege waliokwisha kupigwa. Msimu uliopita alichanika mara tatu, mara mbili kidarini na mara moja karibu na kwapa. Kijana wangu aliyeko Dar es Salaam amenitafutia vizibao vya mbwa kwenye intaneti, lakini viko vya naironi, vya mpira, vya kufunika mwili mzima, vya kufunika kifua tu, na kimoja kinachosemekana kuwa cha nyuzi zinazozuia risasi. Bei zimepishana kama mbingu na ardhi. Nichukue kipi? — Mwalimu Mstaafu, Nachingwea.*

Shikamoo, Mwalimu. Nimefurahi kwamba umetaja ruhusa kabla ya kutaja mbwa, kwa maana Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Namba 5 ya mwaka 2009 haimtazami mwindaji kwa bunduki yake tu bali pia kwa njia anayoitumia kuwinda. Msomaji mwingine yeyote anayetaka kwenda porini na mbwa, hata kwa kuokota tu, amwendee ofisa wanyamapori wa wilaya yake na arudi na jibu la maandishi. Jibu la mdomo halisomeki kwenye kizuizi cha barabarani.

Sasa kizibao. Umenipa jambo ambalo wauzaji huwa hawaliulizi: umesema jeraha lilikuwa wapi. Kidarini mara mbili, kwapani mara moja. Hapo, kwa maoni yangu, zaidi ya nusu ya swali lako imekwisha kujibiwa, kwa sababu kizibao huchaguliwa kwa kufuata makovu. Mbwa ambaye makovu yake yako miguuni hana haja ya kizibao chochote, na yule aliyechanika masikio hakuna vazi litakalomsaidia. Wako anahitaji kufunikwa kuanzia pale shingo inapokutana na kidari, kupita katikati ya miguu ya mbele, hadi mahali mbavu zinapoishia tumboni. Mgongo wake uache wazi kadiri inavyowezekana.

Naomba nieleze kwa nini kidari ndicho kinachoumia huku kwetu, kwani bila kulijua hilo mtu hununua vazi lililobuniwa kwa pori lisilo lake. Kanga aliyepigwa bawa hatui akasubiri kuchukuliwa. Hukimbia kwa miguu, tena kwa kasi ya kushangaza, na hukimbilia mahali penye msongamano zaidi. Mbwa humfuata akiwa ameinamisha pua na kidari kikiwa mbele kama omo ya mtumbwi. Mashamba yetu ya korosho hufyekwa chini ili korosho zikianguka zionekane, na panga likipita kwenye mche mwembamba huacha kisiki cha unene wa kidole gumba, kilichokatwa kimshazari, kirefu kama shubiri moja, kikakauka kikawa mkuki. Mbwa mwenye kilo kumi na saba anayekimbia kwa nguvu zake zote akikivaa kisiki hicho, hajakwaruzwa, amejichoma.

Nakumbuka mbwa mmoja aliyeletwa kwangu amebebwa kwenye kapu la baiskeli. Kwa nje palionekana tundu dogo tu, kiasi cha kifungo cha shati, wala damu haikuwa nyingi, na mwenye mbwa alikuwa ametia jivu akiamini mambo yamekwisha. Nilipokata manyoya na kuingiza kidole, kilizama hadi pingili ya pili, kikageuka kushoto, kikaingia kwenye mfuko ambao ngozi ilikuwa imeachana na nyama hadi karibu na bega. Ndani ya mfuko huo mlikuwa na kipande cha gome, manyoya, na majani makavu ya mkorosho yaliyosagika. Jeraha la namna hiyo halionekani ukubwa wake kwa macho, na ndilo linalooza. Tabaka moja tu la kitambaa kigumu pale kidarini lingekifanya kisiki kile kiteleze badala ya kuzama.

Kule vizibao hivi vinakotengenezwa kwa wingi, yaani Marekani na Ulaya, adui mkuu ni mwingine. Mbwa wao hupita katika mashamba yaliyozungushiwa seng'enge, ule waya wa miiba ambao Joseph Glidden aliusajili Marekani mwaka 1874, na huchanika kifua na tumbo wanapojipenyeza chini yake. Kwa hiyo wabunifu wao walitaka kitambaa kisichokatika, na kwa kuwa wanawinda nyakati za baridi, joto la mbwa halikuwa hofu yao kubwa. Kwetu ni kinyume. Seng'enge si nyingi, lakini joto tunalo la kugawa.

Tuyatazame maandishi utakayoyakuta kwenye lebo. Naironi hupimwa kwa kipimo kinachoitwa denia, nacho ni uzito, kwa gramu, wa uzi wenye urefu wa mita 9,000. Uzi wa denia 1,000 ni mnene, hutoa kitambaa kigumu kama cha mabegi ya jeshi. Wa denia 500 ni mwepesi zaidi na hulainika mapema. Kwa kidari chagua kitambaa cha denia 1,000, na kwa mbavu, iwapo kizibao kinazifunika, denia 500 inatosha, au hata wavu. Jina la Cordura utakalolikuta mara nyingi ni la kibiashara, la aina ya kitambaa kigumu kilichosifika hivyo. Si lazima lebo iwe na jina hilo, ila iseme denia ngapi, na kama haisemi, mwambie kijana wako aulize kabla hajalipa.

Zile nyuzi za kuzuia risasi ni Kevlar, zilizogunduliwa mwaka 1965 na mkemia Stephanie Kwolek katika kampuni ya DuPont. Ni ngumu kweli dhidi ya kisu kinachokata, lakini ncha nyembamba kama ya mwiba hupata njia kati ya nyuzi zilizofumwa, na jua likizipiga muda mrefu huzidhoofisha. Vizibao vizito vya namna hiyo hutumiwa zaidi na wanaowinda nguruwe mwitu kwa mbwa, kama vile Australia na New Zealand, ambako pembe ya nguruwe ndiyo hatari. Mbwa wako anafuata kanga, Mwalimu. Usimvike deraya ya vita vya watu wengine.

Hapa nifike kwenye jambo ambalo, nikilazimishwa kusema moja tu, ndilo ningelisema. Joto la kawaida la mwili wa mbwa ni kati ya nyuzi 38.3 na 39.2 za Selsiasi. Likipita 41, mbwa huyo yuko hatarini kufa, na huko hufika haraka kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu mbwa hatoki jasho mwilini kama sisi. Hujipoza kwa kuhema, na kwa sehemu ndogo kupitia nyayo zake. Ukimfunika mwili mzima kwa kitambaa kisichopitisha hewa, saa nne ya asubuhi ya mwezi wa kumi, katika bonde la Nachingwea lisilo na upepo, umemwekea kifuniko cha sufuria. Nimeona mbwa wengi waliopona visiki. Waliopigwa na joto hadi wakaanguka na kutapika, niliowahi kuwaona wakisimama tena ni wachache.

Kwa hiyo kizibao chako kiwe kidogo kuliko vyote vinavyolifikia kovu. Mbwa akivae kuanzia alfajiri inapopambazuka hadi saa tatu, si zaidi, na kila mnapopumzika kivuliwe au angalau kifunguliwe. Akianza kuhema ulimi ukiwa mpana na mwekundu sana, mate yakawa mazito, akayumba, kwanza vua kizibao, ndipo umtafutie kivuli, umwagie maji ya kawaida tumboni na kwenye mapaja kwa ndani, na umpepee. Usimfunike kwa khanga yenye maji ukaiacha juu yake, maana ikishapata joto inalifungia ndani.

Kuhusu kipimo, tahadhari na wauzaji wanaokuuliza uzito wa mbwa peke yake. Nilifanya kosa hilo mwenyewe. Nilimnunulia mbwa wangu kizibao cha wastani kwa kuwa kilo zake ziliangukia kwenye wastani wa jedwali la muuzaji mmoja wa mbali, nikakifunga, kikaonekana kimemkaa vizuri akiwa amesimama. Baada ya saa mbili za kukimbia, ngozi ya kwapa zote mbili ilikuwa nyekundu, haina unyoya, kana kwamba imepitishwa msasa. Jedwali lile lilitengenezwa kwa kuwaza mbwa wa aina ya Labrado, mnene na mpana; mbwa wetu wa kienyeji ana kifua kirefu kwenda chini, chembamba kwa mbele, na kiuno kilichoingia ndani. Uzito ni uleule, umbo ni jingine kabisa.

Chukua futi ya fundi cherehani. Pima mzunguko wa kifua mahali kilipo kinene, upana wa vidole vitatu nyuma ya viwiko. Pima mzunguko wa shingo pale chini inapoungana na mabega, si pale kola inapokaa. Kisha pima tumboni, kuanzia mfupa unaojitokeza mbele ya kidari, ukipita katikati ya miguu, hadi mbavu za mwisho. Kwa kuwa wako ni dume, kizibao kiishe upana wa vidole vinne kabla ya uume wake, la sivyo kila akikojoa kitaloa, na kitambaa kilicholoa mkojo kikisugua ngozi siku nzima huzaa vidonda ambavyo havikuwapo. Kikishafungwa, vidole viwili vilivyolala bapa vipite kati yake na mwili pande zote. Vitatu vikipita, kimelegea na kitanasa kwenye matawi; kimoja kikipita kwa shida, kimembana.

Halafu mtazame akitembea, si akisimama. Mguu wa mbele unapokwenda nyuma, ukingo wa kizibao usiguse kwapa. Mruhusu akimbie robo saa uwanjani, mvue, kisha pitisha kidole kwenye kwapa na chini ya mikanda. Manyoya yakiwa yamelala upande usio wake au ngozi ikiwa na joto kuliko sehemu za jirani, hapo ndipo kidonda kitakapozaliwa siku ya tatu.

Rangi nayo si urembo. Chukua ya chungwa inayong'aa. Majimbo mengi ya Marekani yanawataka wawindaji wenyewe waivae ili wasipigane risasi, na mbwa kwenye nyasi ndefu za rangi ya kahawia, tena wa manyoya ya kahawia kama wengi wa kwetu, anahitaji ulinzi huo huo. Mbwa mwenyewe haioni rangi ya chungwa kama tunavyoiona sisi. Macho yake hutofautisha zaidi buluu na manjano. Ila usije ukamnunulia ya buluu ukidhani unamfurahisha, na nyeusi pia iepuke. Wale wa Liwale wanaopakana na Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, na ninyi wa Nachingwea mnaoingia mapori ya upande huo, mnafahamu mbung'o. Mitego ya kuwanasia mbung'o hushonwa kwa vitambaa vya buluu na vyeusi kwa sababu rangi hizo huwavuta. Mbwa aliyevaa kizibao cha buluu huko ni mtego unaotembea, na ugonjwa wa nagana ukimpata mbwa humwua.

Mwisho kwako, Mwalimu, yapo ambayo kizibao hakiyazuii, na usije ukajiamini kwa sababu umelipa. Kifutu humgonga mbwa usoni au mguuni, si kifuani. Mtego wa waya hunasa shingo au mguu, na kizibao chenye kishikio mgongoni kinaweza chenyewe kunaswa na tawi. Hakikisha vishikizo vyake ni vya plastiki vya kubonyeza vinavyofunguka kwa mkono mmoja, na mfukoni mwako pasikosekane koleo linaloweza kukata waya.

*Kwako Mjibu, mimi ni fundi cherehani Mingoyo, Lindi. Mume wangu ana mbwa wawili, na kila wakipita kwenye mashamba ya zamani ya mkonge wanarudi wana matundu. Vizibao vya dukani hatuviwezi. Nina turubai la lori lililochakaa, nina jinzi za mitumba, nina mabegi ya shule yaliyokatika zipu. Naweza kuwashonea? — Mama Fundi, Mingoyo.*

Unaweza, dada yangu, na cha kwako huenda kikamkaa mbwa vizuri kuliko cha dukani kwa sababu utampima yeye mwenyewe. Kati ya vitu vitatu ulivyotaja, chukua mabegi. Turubai la lori lina tabaka la plastiki lisilopitisha hewa, na likishapigwa na jua miaka kadhaa hupasuka kwenye mikunjo. Mbwa atachemka ndani yake na bado mkonge utapita kwenye ufa. Jinzi ni ngumu ikiwa kavu, lakini asubuhi nyasi zina umande, nayo hunywa maji hadi ikawa nzito mara mbili, kisha ikabaki imeloa na kusugua. Naironi ya begi hainywi maji mengi na hukauka haraka.

Umbo lifanane na aproni ya mpishi iliyolala kifudifudi: kipande kimoja cha kidari na tumbo, chembamba katikati ya miguu ya mbele ili kwapa ziwe huru, kisha mikanda miwili ya kupanda mgongoni, mmoja mbele ya mabega na mwingine nyuma yake. Usishone kipande cha mgongo, mikanda inatosha. Mikanda ya usalama ya magari yaliyoharibika, inayouzwa na mafundi wa gereji kwa bei ya kutupa, ni mizuri kuliko yoyote utakayonunua mpya. Mshono uwe upande wa nje, ili upande unaogusa ngozi uwe laini, na kingo zote zizungushiwe utepe wa pamba, hasa pale panapokabili kwapa. Tumia uzi wa naironi wa kushonea viatu, kwa kuwa uzi wa kawaida hukatika kabla ya kitambaa kuchakaa.

Mkonge ni suala lenye uzito wake. Ncha ya jani lake haikwaruzi, inachoma kama sindano ya shazia, na kitambaa kimoja hakitoshi. Weka naironi mbili kidarini na katikati yake utie kipande cha galoni ya plastiki ya mafuta ya kula, kisizidi ukubwa wa kiganja chako, pembe zake ukizikata mviringo na kuzipitishia msasa. Kipande hicho kikae juu ya mfupa wa kidari tu. Kikiwa kipana kitayabana mabega, na mbwa atatembea kama askari wa gwaride. Kwa mbavu usijisumbue na plastiki. Afadhali mume wako asiwapitishe katikati ya mistari ya mkonge wenye majani mapana, azunguke.

Nakutahadharisha na ule mkanda wa kunata unaolia ukiubandua. Huku kwetu hauishi wiki moja, kwani kishona nguo na mbegu za majani hujazana kwenye vijino vyake, na kizibao kinafunguka mbwa akiwa katikati ya kichaka. Tumia vishikizo vya yale yale mabegi.

*Mimi ni kijana wa bodaboda Masasi. Je, reflekta yangu ya zamani nikimfunga mbwa haitoshi?*

Itatosha ili aonekane, na hilo lina maana yake. Kumlinda na kisiki, haitamlinda hata kidogo. Tena ile ni pana na inaning'inia, itanaswa na tawi la kwanza. Ikate, uchukue utepe wake unaong'aa, uushone kwenye kola.

*Ndugu, mpwa wangu anayesoma Uingereza amenitumia kizibao cha mpira mzito, cha unene wa milimita 5, anasema kule mbwa wa bata wanavivaa. Mbwa wangu huokota bata mwitu kwenye maji kandokando ya Mto Ruvuma. Nimvike? — Mzee wa Mikindani.*

Mzee wangu, shikamoo, na mpe mpwa shukrani zake, kwani amekukumbuka. Ila kizibao hicho kimekosa nchi. Mpira huo ni neoprini, ulioanza kutengenezwa katika maabara za DuPont mwaka 1930, na ndani yake mna mapovu madogo ya gesi yanayozuia joto la mwili lisitoke. Mbwa wa Uingereza anayeruka ndani ya ziwa la Januari, akatoka, akakaa kwenye upepo akisubiri bata mwingine, anakihitaji kama tunavyohitaji blanketi. Maji ya Ruvuma hayana baridi hiyo. Mbwa wako atafaidika tu na kuelea, kwa sababu mapovu yale humwinua kidogo majini, lakini mara atakapopanda ukingoni na kukimbia mchangani atapata joto kali.

Tena sifa ya kuelea inanitia shaka zaidi kuliko joto. Ruvuma ina mamba. Hakuna kizibao, kiwe cha milimita tano au cha chuma, kitakachombadilishia mbwa hesabu hiyo, na kumvika vazi la majini kunaweza kumfanya mwenye mbwa amtume mahali ambapo asingemtuma akiwa hana kitu. Bata aliyeangukia maji ya kina mwachie mto.

Kama hutaki zawadi ipotee bure, kata kutoka kwenye kizibao hicho kipande cha kidari, ukubwa wa sahani ya chai, umpe fundi akitumie kama mto wa ndani chini ya mkanda wa kizibao cha naironi. Kwa kazi hiyo, ya kuzuia mkanda usisugue, sijaona kitu kinachokizidi. Mpwa usimweleze kwa barua. Akija likizo ataona mwenyewe.

*Mpendwa Mjibu, nimenunua kizibao cha kifua kama kile mnachokisifu, nimempima mbwa vizuri, lakini nikimvika anaganda kama gogo, hainui hata mguu. Jambo la pili, mke wangu alikifua baada ya safari moja akawashwa mikono siku nzima, sasa hataki kukiona ndani ya nyumba. Nifanye nini? — Msomaji wa Newala.*

Kuganda si ugonjwa, na wala si ukaidi. Mbwa anapobanwa kifuani na kitu asichokijua husubiri kimwachie. Kosa linalofanywa na wengi ni kumvua palepale kwa huruma, na mbwa akajifunza kwamba akiganda, vazi linatoka. Anza upya. Siku mbili za kwanza kiweke kizibao chini ya sahani yake ya ugali, akizoee harufu. Siku ya tatu mtupie mgongoni bila kukifunga, wakati anakula, na ukiondoe kabla hajamaliza. Kisha funga mkanda mmoja, baadaye miwili, na muda wote huo akivishwa chakula kinafuata, akivuliwa hapati kitu. Wengi huchukua wiki moja. Siku ya kwanza ya kutoka naye usiende porini. Mpeleke njia ile ile anayoipenda kila jioni, umtangulie, wala usimtazame. Mbwa anayetazamwa huganda zaidi.

Kuhusu mikono ya mkeo, huo ni upupu. Vinyweleo vya maganda yake hujishika kwenye naironi bila kuonekana, na kizibao kikiloweshwa hupanda mikononi. Ila kama safari yenu ilikuwa kati ya mwezi wa sita na wa nane, ulizia pia kama mlipita mikorosho iliyopuliziwa salfa ya kuzuia ubwiri unga, kwa sababu vumbi lake la manjano hutulia kwenye kitambaa na likikutana na unyevu wa ngozi huwasha vilevile, mtu na mbwa. Kwa hali zote mbili, kizibao kisiguswe kwa mkono mtupu. Kitundike juani hadi kikauke kabisa, kikung'ute kwa fimbo ukiwa umesimama upande upepo unakotoka, bandua vinyweleo vilivyobaki kwa utepe wa gundi, ndipo ukiloweke kwenye ndoo ya peke yake kwa sabuni ya kipande. Usitie jiki, inaipausha ile rangi ya chungwa. Na ndoo hiyo iwe ya mbwa daima, isichanganywe na ya nguo za nyumbani. Wasomaji wengi wa mwambao hawahitaji kuelezwa sababu, na mkeo, naamini, atakuwa wa kwanza kukubali.

Kabla ya kumvika tena, mchane manyoya yote yaliyokuwa chini ya kizibao na kumkagua kupe, hasa kwapani na chini ya mkanda wa nyuma, kwa kuwa hupenda kujificha palipofunikwa. Na kazi ya kukifua kizibao, kwa safari tatu zijazo, ifanye wewe.